Maziwa ya Kopo Kambini: Maswali Tunayoulizwa Kila Maafa Yanapotokea

Kwa nini shirika lisilo la kiserikali lijishughulishe na sera za kimataifa badala ya kugawa chakula tu?
Kwa sababu watoto wanaoharishwa na maziwa ya kopo yaliyotumwa kama msaada kwa nia njema huishia mikononi mwetu. Mwaka 1979 mashirika ya kiraia yaliyohudhuria mkutano wa Shirika la Afya Duniani na UNICEF mjini Geneva yaliunda IBFAN, mtandao wa kimataifa wa kutetea unyonyeshaji, na shinikizo lao lilichangia kupatikana kwa kanuni ya kimataifa ya kudhibiti uuzaji wa maziwa mbadala (yanayotumiwa badala ya maziwa ya mama), iliyopitishwa mwaka 1981 kwa kura 118 dhidi ya moja ya Marekani. Baadaye mashirika ya misaada na ya Umoja wa Mataifa yaliandaa mwongozo wa kulisha watoto wachanga wakati wa maafa, unaosema wazi kwamba maziwa ya kopo na chupa za kunyonyeshea yasiombwe wala kupokelewa kama msaada. Makopo yanaendelea kuletwa.

Je, mama mwenye hofu au njaa hukaukiwa maziwa?
Hapana. Hofu inaweza kuchelewesha maziwa kushuka kwa muda mfupi, lakini haizuii mwili kuyatengeneza, nayo huongezeka kadiri mtoto anavyonyonya. Mlishe mama, mpatie maji na mahali pa faragha, naye atanyonyesha.

Lakini mtoto analia mfululizo. Kopo moja tu lina ubaya gani?
Lina ubaya, hata hilo moja. Mtoto akishiba kopo hanyonyi, asiponyonya maziwa hupungua kweli, na kopo likiisha hakuna la pili. Tumemkuta mama aliyetia kijiko kimoja cha unga katika chupa nzima ili kopo lifike mwisho wa wiki, kwa maji yenye tope, huku maelekezo yakiwa katika lugha asiyoisoma. Baada ya tetemeko la Yogyakarta, Indonesia, mwaka 2006, takriban asilimia 25 ya watoto waliopewa maziwa ya msaada waliharisha ndani ya wiki moja, dhidi ya asilimia 12 hivi ya wasiopewa.

Na yatima je?
Huyo huhitaji mama wa kumnyonyesha. Asipopatikana, apewe maziwa mbadala kwa kikombe, chini ya uangalizi wa mhudumu wa afya. Hiyo si ruhusa ya kugawia kambi nzima.

Mtoto aliyeanza kuharisha asubiriwe mpaka lini?
Asisubiriwe. Wengi huletwa siku ya tatu, macho yamebonyea na sauti ya kulia imekwisha, kwa kuwa mtu alisema ni meno yanaota. Mlete siku hiyohiyo, ukiendelea kumnyonyesha njiani na hata kwenye foleni. Kumwachisha ziwa ili "tumbo lipumzike" ni kumnyima maji anayoyapoteza. Ukiwa na kopo, lilete pia, tuone umekuwa ukilichanganyaje.