Kinavajo cha vitani hakikuwa kilugha tu

Katika mafunzo ya usalama wa mawasiliano, ukitaja Wanavajo tu, wenyeji wa asili wa Marekani waliotumia lugha yao kupitisha siri za jeshi katika Vita vya Pili vya Dunia, mkono utainuka: "Kumbe tukiandikiana kwa kilugha chetu, hakuna atakayetudukua!" Safari nyingine anayeuliza ni mhasibu mwenye nywila za ofisi nzima. Mfano anaoutegemea unathibitisha kinyume cha anachosema.

"Wanavajo waliongea lugha yao tu, Wajapani wakaduwaa."

Sivyo. Vijana 29 wa kwanza walioingia kikosi cha Marine cha Marekani mwaka 1942 walitunga msimbo uliojengwa juu ya lugha yao. Ulianza na istilahi 211, ukafikia 411 vita vilipokwisha, na ulikuwa na sehemu mbili.

Sehemu ya kwanza ni majina ya kupanga. Chombo cha vita ambacho Kinavajo hakikuwa na neno lake kilipewa jina la kitu kinachofanana nacho. Nyambizi ikawa samaki wa chuma, guruneti likawa kiazi, mabomu yakawa mayai, manowari kubwa ikawa nyangumi. Kifaru cha jeshi kiliitwa kobe. (Tusiwacheke, sisi wenyewe tumekiita kifaru.)

Sehemu ya pili ndiyo watu wanayoiruka, nayo ndiyo kiini. Jina lisilo na istilahi lilitajwa herufi kwa herufi. Mlima Suribachi wa Iwo Jima, kisiwa cha Japani, ulisomwa redioni hivi: panya, bata mzinga, kondoo, mjomba, kondoo dume, barafu, dubu, sisimizi, paka, farasi, utumbo, yote kwa Kinavajo. Ukichukua herufi za mwanzo za maneno hayo ya Kinavajo hupati kitu. Sharti kwanza ugeuze kila neno kuwa Kiingereza, ndipo uchukue herufi ya mwanzo: M, T, kifupi cha "mlima" kwa Kiingereza, kisha S, U, R, I, B, A, C, H, I. Mjomba, kwa tahajia ya orodha ya jeshi, ni *shi-da*. Mswahili akinasa hapo angeripoti kwamba adui amepata shida.

Tazama I mbili za Suribachi: ya kwanza ni barafu, ya pili ni utumbo. Hilo ni la makusudi. Katika maandishi ya Kiingereza herufi kama E, T na A hurudi mno, na anayevunja misimbo huanzia kwenye marudio hayo. Kwa hiyo herufi sita zinazotumika zaidi zilipewa maneno matatu kila moja, sita zinazofuata maneno mawili, zilizobaki neno moja moja: jumla maneno 44 kwa herufi 26. Anayetuma alitakiwa kuyachanganya. Akizoea kutumia moja tu, kinga hiyo imekufa, hata kama lugha ni ngumu namna gani.

Ushahidi wa mwisho ni Joe Kieyoomia, askari Mnavajo aliyetekwa na Wajapani Ufilipino, ambaye hakufundishwa msimbo. Walimtesa awatafsirie walichonasa. Maneno aliyasikia, kwa kuwa ni lugha aliyonyonya kwa mama yake, ila maana hakuipata. Kama siri ingekuwa lugha peke yake, ingeisha siku hiyo.

Basi anayeandika nywila kwa Kihaya au Kigiriama akadhani ameificha, ameificha kwa wasio Wahaya na wasio Wagiriama tu. Hata watoto wa pwani wanaoongea kinyume, "nyumba" ikawa "mbanyu", wana kanuni juu ya lugha, yeye hana. Atumie nywila ndefu isiyokisika, na asiitumie mahali pawili.

"Msimbo ule hauvunjiki."

Haukuvunjwa vitani, basi. Mbinu ya kuipa herufi moja maneno kadhaa ilijulikana karne nyingi kabla, na mtu mwenye rekodi nyingi, muda, na mjuzi wa Kinavajo angefika. Wajapani walikwama mapema zaidi: sauti zenyewe, zenye toni, irabu za puani na konsonanti za kukatia kooni, ziliwashinda hata kuziandika. Tena ujumbe ulikuwa wa mapigano, wa kuhamisha mizinga au kuomba risasi. Ukifumbuliwa wiki ijayo ni karatasi tupu.

"Mashine zingefanya kazi ileile."

Zingefanya, kwa kuchelewa. Mnavajo alipokea ujumbe wa Kiingereza, akausema kwa msimbo papo hapo. Mwenzake upande wa pili akauandika kwa Kiingereza. Hakukuwa na kitabu cha msimbo cha kubeba mstari wa mbele, yote yalikuwa kichwani. Iwo Jima, mwaka 1945, sita kati yao walipitisha ujumbe zaidi ya 800 katika siku mbili za kwanza bila kosa.

"Kinavajo hakikuwa na maandishi."

Mapadre Wafransisko walichapa kamusi yake mwaka 1910. Robert Young na William Morgan wakachapa yao mwaka 1943, vita vikiendelea. Kilichokuwepo ni wageni wachache mno wanaokijua.

"Wao ndio wa kwanza, na walipigana na Hitler."

Wachoctaw, nao wenyeji wa asili wa Marekani, walitangulia, Ufaransa, Oktoba 1918, katika Vita vya Kwanza vya Dunia. Batalioni waliziita punje za mahindi, moja, mbili au tatu. Waliotumia lugha yao dhidi ya Wajerumani huko Normandy, Ufaransa, mwaka 1944 ni Wakomanche, kabila jingine la wenyeji hao. Msimbo wa Kinavajo ulikuwa wa Marine, na kazi yake ilikuwa Pasifiki.

"Walirudi wakapokewa kishujaa."

Walirudi wakiwa wameagizwa kunyamaza. Siri ilifunguliwa mwaka 1968, na medali za dhahabu za Bunge la Marekani kwa wale 29 zilitolewa mwaka 2001, wengi wao wakiwa wameshazikwa.