Kirchner hakukatwa mkono vitani

Katika picha aliyojichora mwaka 1915, mchoraji Mjerumani Ernst Ludwig Kirchner amevaa sare ya jeshi la Ujerumani, na mkono mmoja umebaki kigutu chekundu kibichi. Ni rahisi kudhani aliupoteza katika Vita vya Kwanza vya Dunia. Sivyo. Hakufika hata mstari wa mbele: alivunjika kiakili akiwa mafunzoni katika kikosi cha mizinga huko Halle, Ujerumani, akaruhusiwa kuondoka. Mikono yake ilikuwa mizima, nayo ndiyo iliyochora picha hii.

Kigutu ni hofu yake kwamba jeshi lingemnyang'anya uchoraji. Waekspreshonisti, wachoraji wa mkondo aliokuwamo Kirchner, walichora maumivu ya ndani, si kile tu ambacho jicho linakiona. Mwaka 1937 Wanazi waliidhalilisha picha hiyo katika maonyesho ya "sanaa potovu" mjini Munich. Leo iko katika jumba la makumbusho mjini Oberlin, Marekani.