Homa ya Lamu na mfuko ulioko Oslo

Waliokuwepo Lamu katikati ya mwaka 2004 hawahitaji kuelezwa chikungunya ni nini. Watu waliamka hawawezi kukunja vidole, na kutoka kitandani hadi msalani ikawa safari. Mvua ilikuwa adimu, maji yakawekwa majumbani, na mbu wa Aedes aegypti, anayeeneza homa hii na kuuma mchana, huzaliana humo humo. (Wazee waliofuga visamaki kwenye birika ili wale viluwiluwi walijua wanachokifanya.) Uchunguzi wa damu uliofuata ulikadiria kuwa robo tatu ya wakazi wa kisiwa, takriban watu 13,500, waliambukizwa.

Homa ikashika njia: Mombasa, Comoro, kisha Réunion, ambako zaidi ya theluthi ya wakazi waliugua, hadi India. Na haikuwa ngeni. Jina lenyewe ni la Kimakonde, kwa kuwa ilitambuliwa kusini mwa Tanganyika mwaka 1952. Hadi inafika Lamu, miaka hamsini na ushei baadaye, chanjo haikuwepo.

Tatizo kubwa ni fedha. Kampuni ya chanjo hutaka mnunuzi wa kila mwaka, na ugonjwa unaozuka leo kisha ukapotea miaka mingi hauna mnunuzi wa namna hiyo. Halafu kuna muda. Chanjo hupimwa vizuri ugonjwa ukiwa bado mjini, lakini vibali na fedha vikikamilika, umeshaondoka. Ebola ilitufunza hilo kwa uchungu. Chanjo iliyobuniwa Canada ilikaa maabara miaka kadhaa. Mlipuko wa 2014 hadi 2016 uliua watu zaidi ya 11,000 Afrika Magharibi, na jaribio kubwa la Guinea lilianza 2015, maambukizi yakiwa yameshapungua. Chanjo ilifanya kazi. Ilichelewa tu.

Ndipo Januari 2017 ikazinduliwa CEPI, muungano wa kimataifa wa kufadhili chanjo za magonjwa ya mlipuko, yenye makao yake Oslo, Norway. Walioianzisha ni pamoja na Norway, India na wakfu za Gates na Wellcome. Nchi na wakfu huchanga kabla ya mlipuko, kisha fedha hulipia hatua ambazo mfanyabiashara hazitamani. Chikungunya imo kwenye orodha yao, na homa ya Bonde la Ufa pia, ambayo wafugaji wetu wanaijua vizuri.

Kwa fedha za CEPI na Umoja wa Ulaya, kampuni ya Valneva ilitengeneza chanjo ya chikungunya iliyoidhinishwa Marekani Novemba 2023. Sharti mojawapo lilikuwa nchi zisizo tajiri nazo ziipate, na ndiyo maana taasisi ya Butantan ya Brazil ikapewa ujuzi wa kuitengeneza. Agosti 2025 Marekani ilisimamisha leseni yake kufuatia ripoti za madhara makali. Sioni sababu ya kulificha hilo. Ufuatiliaji ulifanya kazi yake, na mfadhili asiyetaka kusikia habari mbaya hatufai.

Kwetu pwani, utafiti wa aina hii haufanyiki mbali: KEMRI, taasisi ya utafiti wa tiba ya Kenya, na Wellcome wako Kilifi tangu 1989. Kwa hiyo mtafiti akibisha hodi kwako, iwe mtaa wa Langoni kule Lamu au Malindi, na fomu ya ridhaa mkononi, muulize damu yako itahifadhiwa wapi, nani analipia kazi hiyo, na chanjo ikipatikana itafika hospitali ya hapa kwa bei gani. Akujibu kwa Kiswahili, akuachie na nakala ya fomu.