Je, Wajua Kwa Nini Jibu la Maria kwa Malaika Limewagawa Wakristo?

Katika Injili ya Luka, mazungumzo ya malaika Gabrieli na binti wa Nazareti yamechukua aya kumi na tatu tu. Jibu la mwisho la binti huyo ni fupi: “Tazama, mimi ni mjakazi wa Bwana, na iwe kwangu kama ulivyosema.” Mkatoliki huyarudia maneno hayo kila anaposali Malaika wa Bwana: “Ndimi mtumishi wa Bwana, nitendewe ulivyonena.” Mlutheri, Mwanglikana na Mpentekoste huyasoma katika Biblia zao na kuyahubiri Krismasi inapokaribia. Hakuna kati yao anayebisha kwamba Maria alikubali. Wanachobishania ni kazi iliyofanywa na kukubali huko. Je, Mungu alingoja jibu lake, au alimjulisha tu jambo ambalo lilikuwa limekwisha kuamuliwa mbinguni?

Ugomvi mwingi tunaousikia, wa rozari, wa sanamu, wa sikukuu na wa majina ya heshima, umechipuka hapo. Ndiyo maana mabishano mengi hayafiki popote: watu wanakata matawi na hawagusi shina.

Kwanza tuangalie alikubali nini. Luka anasema Maria alikuwa ameposwa na Yusufu. Posa ya Kiyahudi ya wakati ule haikuwa uchumba ambao kijana anaweza kuuvunja kwa kunyamaza. Ilifunga kama ndoa, na kuivunja kulihitaji hati ya talaka, ingawa binti alikuwa bado kwao. Sheria ya Kumbukumbu la Torati, sura ya 22, ilisema wazi kwamba bikira aliyeposwa akilala na mwanamume mwingine mjini, wote wawili wapigwe mawe. Mathayo anatueleza kwamba Yusufu alipogundua ujauzito alikusudia kumwacha kwa siri, asimwaibishe. Kwa hiyo binti anaposema “na iwe kwangu”, anaweka rehani jina lake, ndoa yake na pengine uhai wake, naye hana shahidi hata mmoja wa kumtetea kijijini. Malaika haahidi kwenda kumweleza Yusufu wala wazazi, na kisha anaondoka.

Halafu kuna swali alilouliza. Miezi sita kabla, malaika huyohuyo alimtokea kuhani Zakaria hekaluni akamwambia mkewe Elisabeti atazaa mtoto wa kiume. Zakaria akauliza, “Nitajuaje neno hilo?” Akawa bubu mpaka mtoto alipozaliwa na kupewa jina. Maria naye anauliza, “Litakuwaje neno hili, maana sijui mume?” Yeye anajibiwa kwa utaratibu na kupewa ishara ya Elisabeti bila hata kuiomba. Wafafanuzi wa tangu zamani wameona tofauti hapo: Zakaria anataka uthibitisho kabla ya kuamini, Maria anaamini na anauliza namna. Binafsi naona kuna jambo zaidi. Mungu wa Luka haogopi kuulizwa. Binti wa kijijini anamsimamisha mjumbe wa mbinguni ili aelewe anaitiwa nini, na mjumbe anasubiri.

Anayeijua Biblia ataikumbuka mikasa mingine ya wito. Musa alitoa udhuru baada ya udhuru pale kwenye kijiti kilichowaka, mwisho akaomba atumwe mtu mwingine. Gideoni alidai ishara, Yeremia akasema yeye ni mtoto, Yona akapanda merikebu akakimbia. Wito wa Maria una umbo lilelile: salamu, hofu, kutiwa moyo, swali, ishara. Kinachoutofautisha ni mwisho wake. Luka hakumalizia kwa kutuambia tu kwamba Maria alitii. Ameyaandika maneno yake mwenyewe ya kukubali, na baada ya hayo tu ndipo malaika anaondoka.

Juu ya maneno hayo Kanisa la karne za mwanzo lilijenga fikra kubwa. Katikati ya karne ya pili Yustino Mfiadini alimlinganisha Maria na Eva, na karibu mwaka 180 Ireneo, askofu wa Lyon, akaiendeleza fikra hiyo: fundo lililofungwa na kutotii kwa Eva lilifunguliwa na utii wa Maria. Bikira mmoja alimsikiliza nyoka, mwingine akamsikiliza malaika. Agostino, askofu wa Hippo, aliongeza kwamba Maria alimchukua Kristo mimba kwa imani moyoni kabla ya kumchukua tumboni, na kwamba ni mwenye heri zaidi kwa kuipokea imani ya Kristo kuliko kwa kuuzaa mwili wake. Katika karne ya 12 Bernardo wa Clairvaux, mkuu wa watawa, alihubiri akimsihi Maria ajibu upesi: malaika anangoja, Adamu analia, Abrahamu na Daudi wanaomba, ulimwengu mzima uko magotini pake. Karne moja baadaye mwanateolojia Thomas wa Akwino aliandika kwamba ridhaa ya Bikira iliombwa kwa niaba ya ubinadamu wote.

Fikra hii ni nzito. Ikiwa Bernardo na Thomas wako sahihi, ukombozi ulipita katika mlango ambao binti mmoja angeweza kuufunga.

Swali la kama aitwe Mama wa Mungu lilikwisha kujibiwa mapema, kwenye Mtaguso (mkutano mkuu wa maaskofu) wa Efeso mwaka 431, na lilimhusu Kristo kuliko Maria. Nestori, askofu mkuu wa Konstantinopoli, alisita kulitumia jina hilo. Sirili wa Aleksandria akashikilia kwamba aliyezaliwa ni mmoja, Mungu kweli na mtu kweli, basi mama yake ni Mama wa Mungu. Hapa wasomaji wengi wa Kiprotestanti watashangaa: Kanuni ya Maafikiano ya mwaka 1577, iliyo kati ya maandiko ya imani ya Walutheri, inamwita Maria Mama wa Mungu bila kuona haya.

Wala Martin Luther hakumdharau Maria. Mwaka 1521, mwaka uleule aliofikishwa mbele ya kaisari mjini Worms, aliandika ufafanuzi wa wimbo wa Maria unaoanza “Moyo wangu wamwadhimisha Bwana”, na umejaa upendo kwake. Lakini alipofika kwenye mstari “ameutazama unyonge wa mjakazi wake” alisimama. Wengine waliusoma unyonge huo kama fadhila ya unyenyekevu, kana kwamba Mungu aliona sifa njema ndani ya Maria akampa thawabu. Luther akakataa. Unyonge ule, alisema, ni hali yake duni ya binti asiyehesabiwa, na cha kusifiwa ni jicho la Mungu lililomtazama. Maria, kwa Luther, ni kielelezo kikuu cha mtu anayepokea bila kustahili. Ukimfanya mtoaji umemnyang’anya utukufu wake, kwa sababu yeye mwenyewe hataki tuishie kwake, anataka tupite tufike kwa Mungu. Ungamo la Augsburg la mwaka 1530 likafuata: watakatifu wakumbukwe na kuigwa, lakini Maandiko hayafundishi kuwaomba msaada, kwani “mpatanishi kati ya Mungu na wanadamu ni mmoja, Mwanadamu Kristo Yesu”.

Karne nne baadaye, mwaka 1938, mwanateolojia Mreformed (Mprotestanti wa mkondo wa Kalvini) Karl Barth aliligusa shina lenyewe kuliko mtu yeyote ninayemjua. Alikubali kwamba Yesu alizaliwa na bikira, akalikubali pia jina Mama wa Mungu. Alichokikataa kwa ukali ni fundisho la Kikatoliki kuhusu Maria lililojengwa juu ya hayo, kwa sababu ndani yake aliona picha ya kiumbe anayeshirikiana na Mungu katika wokovu wake mwenyewe. Kwa Barth, hilo ndilo kosa lote la Roma likiwa limevaa sura ya mwanamke mmoja.

Wakatoliki wanajibu kwamba wameeleweka vibaya, na jibu lao lina nguvu kuliko wapinzani wao wanavyodhani. Papa Pio wa Tisa alipotangaza tarehe 8 Desemba 1854 kwamba Maria alikingiwa dhambi ya asili, ile inayorithiwa kutoka kwa Adamu, tamko lilisema alikingiwa kwa neema ya pekee ya Mungu, kwa kutazamia mastahili ya Yesu Kristo. Maana yake, hata hiari ya Maria ya kukubali ilitoka kwa Mwanawe. Neema ilimtangulia. Lakini, wanasema, neema haimgeuzi mtu kuwa jiwe. Humpa uhuru wa kujibu, na jibu linalotolewa kwa uhuru huo ni lake kweli. Kwa hiyo pande zote mbili zinaanza na neema, ila Mprotestanti anahofia kwamba ukimpa Maria sehemu yoyote umempunguzia Mungu, na Mkatoliki haoni kwamba Mungu hupungukiwa anapomshirikisha kiumbe wake.

Waorthodoksi, Wakristo wa Makanisa ya Mashariki, wanasimama mahali pengine kabisa, nao husahaulika katika mabishano yetu. Wanamwimbia Maria kuliko mtu yeyote, na tarehe 25 Machi, sikukuu ya Kupashwa Habari, ni moja ya sikukuu zao kuu kumi na mbili. Nicholas Cabasilas, mwandishi wao wa karne ya 14, alithubutu kusema kwamba Neno kufanyika mwili kulikuwa kazi ya Baba, ya Nguvu yake na ya Roho, na pia ya hiari na imani ya Bikira. Hata hivyo tamko la 1854 hawalipokei. Wanamwona Maria kama binti aliyezaliwa katika hali ileile ya Adamu tunayozaliwa nayo sote, na utakatifu wake hauhitaji kinga ya namna ile.

Upwa wa Afrika Mashariki, ambako Wakristo wanaishi ua kwa ua na Waislamu, kuna usomaji mwingine jirani. Maryamu ndiye mwanamke pekee anayetajwa kwa jina katika Kurani, na sura ya 19 inaitwa kwa jina lake. Naye pia anauliza atapataje mtoto ilhali hajaguswa na mwanamume. Lakini pale anaambiwa kuwa ni jambo lililokwisha kuhukumiwa, na masimulizi yanakwenda moja kwa moja kwenye ujauzito. Neno la kukubali halipo. Ukizisoma simulizi hizi pamoja utaona jinsi jibu la Maria katika Luka, sura ya 1, aya ya 38, lilivyo la pekee.

Kuna kifungu ambacho Waprotestanti hupenda kukitoa. Mwanamke mmoja alipaza sauti katikati ya umati akamwambia Yesu, “Heri tumbo lililokuzaa.” Yesu akajibu, “Afadhali, heri walisikiao neno la Mungu na kulishika.” Wengi wanasema hapo Yesu alimshusha mama yake. Siamini hivyo, kwa maana ni Luka huyohuyo aliyemnukuu Elisabeti akisema, “Naye heri aliyesadiki.” Msikiaji wa kwanza katika Injili ya Luka aliyelipokea neno na kulishika ni Maria. Lakini Wakatoliki nao wakubali kwamba kwa jibu lile Yesu ameufungua mlango: heri ile si ya tumbo moja tu, ni ya kila anayesikia.

Hata ndani ya Kanisa Katoliki kipimo cha heshima ya Maria hakijawahi kuwa jambo la sauti moja. Oktoba 1963, kwenye Mtaguso wa Pili wa Vatikano, maaskofu walipiga kura kama Maria aandikiwe hati ya peke yake au awekwe ndani ya hati juu ya Kanisa. Waliotaka awekwe ndani ya hati juu ya Kanisa walikuwa 1,114, waliopinga 1,074. Sura juu ya Maria katika hati hiyo, iliyotoka 1964, inasema Baba alitaka ridhaa ya Maria itangulie umwilisho, yaani Neno kufanyika mwili, kisha inasisitiza kwamba nafasi yake haifichi wala haipunguzi upatanishi wa pekee wa Kristo. Novemba 2025 Vatikano ilitoa waraka, uliokubaliwa na Papa Leo wa Kumi na Nne, ukisema haifai kumwita Maria Mkombozi Mwenza, jina ambalo baadhi ya waamini walikuwa wakiomba kwa miaka mingi litangazwe rasmi.

Upande wa pili nako kumesogea. Mwaka 2005 tume ya Waanglikana na Wakatoliki ilitoa tamko la pamoja juu ya Maria, na ndani yake wote wanakiri kwamba kukubali kwake kulikuwa tendo la hiari lililowezeshwa na neema. Sentensi kama hiyo ingewashangaza sana watu wa karne ya 16.

Lililobaki gumu ni sala. Mkatoliki anaposema “utuombee sisi wakosefu”, anamwomba Maria kama ambavyo angemwomba mwanajumuiya mwenzake amwombee, akiamini kwamba kifo hakimkati mtu na Kanisa. Mlokole anauliza ni wapi katika Maandiko mtume yeyote alimwomba mtu aliyekwisha kufariki. Kumwambia Mkatoliki kwamba anamwabudu Maria ni kumsingizia, maana Kanisa lake linafundisha waziwazi kuwa ibada ni ya Mungu peke yake. Na kumwambia Mlokole kwamba anamchukia Mama wa Yesu ni kumsingizia vilevile. Swali linalowatenga ni kama watakatifu walio mbinguni wanatusikia. Hilo linamhusu Petro, Paulo na wafiadini wa Uganda sawasawa na Maria, na aya kumi na tatu za Luka hazilijibu.