Je, wajua? Nywila yako inaweza kukaguliwa kama imevuja bila wewe kuitaja

Ukiambiwa kuna tovuti inayokagua nywila zilizovuja, lazima ujiulize: kuiandika humo si ndiyo kuitoa kwa mkono wangu mwenyewe? Kwa tovuti nyingi za aina hiyo, ndivyo hasa. Achana nazo. Ila Have I Been Pwned, iliyoanzishwa na Troy Hunt wa Australia mwaka 2013, ina namna yake ya kulikwepa tatizo hilo.

Tuchukue nywila 123456 (bado kuna watu wanaitumia, tena wengi). Kabla chochote hakijatoka kwenye simu yako, kivinjari huipitisha katika hesabu iitwayo SHA-1, nayo inageuka mfuatano wa herufi na tarakimu 40 unaoanza na 7C4A8D09CA. Kinachotumwa ni 5 za mwanzo tu: 7C4A8. Tovuti hurudisha mikia ya nywila zote zilizovuja zenye mwanzo huo, mingi kwa mkupuo, na simu yako ndiyo inayotafuta kama mkia wako umo. Tovuti haijui ulikuwa unatafuta upi, wala kama umeupata. Utaratibu huu ulibuniwa mwaka 2018 na Junade Ali, wakati huo akiwa Cloudflare, kampuni ya huduma za mtandao.

Sehemu nyingine ya tovuti huuliza barua pepe peke yake. Ukikuta yako imo kwenye data zilizoibwa kutoka kampuni ya programu ya Adobe mwaka 2013, haina maana kwamba sasa hivi kuna mtu ndani ya akaunti yako. Maana yake taarifa zako zinazunguka, na wezi wana programu za kujaribu barua pepe na nywila ileile Facebook, benki na kwingineko. Usipokuta kitu, usishangilie mapema: data za LinkedIn ziliibwa 2012, lakini zaidi ya akaunti milioni 160 zilikuja kuuzwa 2016.

Anza kurekebisha barua pepe, kwa sababu nywila za akaunti nyingine nyingi hubadilishwa kupitia hapo. Weka nywila mpya isiyotumika pengine popote, kisha toa vifaa usivyovitambua vilivyoingia kwenye akaunti hiyo.

Wengi huishia hapo, na hapo ndipo wanaponaswa tena. Mwizi mjanja huacha agizo la kusambaza nakala ya barua zako kwake, au kichujio kinachofuta ujumbe wa tahadhari kutoka benki kabla hujauona. Kubadili nywila hakuondoi hata kimoja. Kwenye Gmail, agizo la kusambaza hulioni katika programu ya simu. Ifungue kwa kivinjari cha kompyuta, ingia kwenye mipangilio, ukague usambazaji na vichujio vyote. Angalia pia namba ya simu na barua pepe ya kurejesha akaunti: ni zako kweli?

WhatsApp ni kazi ya dakika mbili: fungua orodha ya vifaa vilivyounganishwa, ondoa usivyovijua, halafu washa uthibitishaji wa hatua mbili wenye PIN ya tarakimu 6.

Kwa akaunti nyingine, msimbo wa kuingilia unaotolewa na programu kama Google Authenticator ni salama kuliko wa SMS, maana mtu akifanikiwa kuhamishia namba yako kwenye laini yake, SMS zote zinakwenda kwake. Dalili utaiona: simu yako inapoteza mtandao ghafla na haurudi, wakati wenzako wa mtandao huohuo wanaongea kama kawaida. Azima simu, wapigie watoa huduma wako wafunge laini.