Sumu Iliyohifadhiwa Katika Barafu

Nilipokuwa nikichota sampuli za maji kwenye kijito kinachopita chini ya shamba la pareto huko Uporoto, mwenye shamba aliniuliza: "Mtaalamu, hiyo DDT si ilikatazwa zamani? Mbona bado mnaitafuta?" Nilianza kumjibu kwa maua yake mwenyewe. Sumu ya kuua wadudu iliyomo katika pareto huharibiwa na mwanga wa jua kwa muda mfupi, lakini DDT, ambayo mwanakemia Paul Müller alitambua mwaka 1939 kwamba inaua wadudu, ilisifiwa kwa sababu haiharibiki upesi. Udumu huohuo ndio uliotuletea matatizo.

DDT iliyonyunyiziwa shambani kwenye joto hugeuka mvuke kidogo kidogo, husafiri na upepo, kisha hutua inapokutana na baridi, kama mvuke wa sufuria unavyogeuka matone chini ya kifuniko. Kwenye milima mirefu hunaswa na theluji, na theluji ya kila mwaka huifunika ile ya mwaka uliotangulia hadi tabaka za chini zishikamane kuwa barafu ngumu, mahali ambapo jua halifiki na vijidudu vinavyoweza kuivunja sumu hiyo karibu havifanyi kazi.

Ushahidi ulio wazi kuliko wote, kwa maoni yangu, unatoka Oberaarsee, bwawa la Uswisi linalolishwa na maji ya barafu. Watafiti walitoboa matope ya chini ya bwawa hilo na kuyasoma tabaka kwa tabaka. Katika matope ya miaka ya 1960 na 1970 sumu ilikuwa nyingi. Baada ya marufuku ikapungua. Kisha kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1990 ikapanda tena, ingawa hakuna aliyekuwa akiinyunyizia, kwa kuwa barafu iliyokuwa ikiyeyuka ilikuwa ikirudisha ilichopokea miongo kadhaa nyuma. Kiasi kilichomo katika maji yenyewe huwa kidogo mno, lakini DDT hupenda mafuta, hivyo hujikusanya katika miili ya samaki na kuzidi kwa kila anayemla mwenzake.

Wasomaji wengi huniuliza kuhusu Kilimanjaro. Sehemu kubwa ya barafu yake hugeuka mvuke moja kwa moja, na mito ya pale hutegemea zaidi mvua na misitu, kwa hiyo sioni sababu ya kuyaogopa maji hayo kwa ajili ya barafu.

Kinachonihangaisha kiko karibu zaidi. Kule Chunya nimemwona mchenjuaji akichoma kitonge cha dhahabu na zebaki juu ya kipande cha bati, mtoto akiwa amechuchumaa hatua tatu kutoka kwake. Zebaki hutumika kunasa dhahabu, na inapochomwa hugeuka mvuke wenye sumu usioonekana. Wao ndio wa kwanza kuuvuta, na unaobaki unaweza kukaa angani miezi mingi kabla ya kutua, hata kwenye barafu ya nchi ambayo mchenjuaji huyo hataiona. Chombo kilichofungwa, chenye bomba linalopozwa kwa maji, huurudisha mvuke kuwa zebaki inayoweza kutumika tena, na kwa mchenjuaji anayenunua zebaki kwa fedha yake mwenyewe, hoja hiyo ndiyo ninayoanza nayo.