Transkripsheni ya opera kwa piano: kazi ya Liszt kwa rafiki yake Wagner

Transkripsheni ya piano ni kazi ya okestra au opera iliyoandikwa upya ili mpiga piano mmoja aitoe yote kwa vidole kumi. Isichanganywe na ndugu zake wawili. Kuna nota za mazoezi ya waimbaji, ambazo humwachia mwimbaji mstari wake, piano ikishika nafasi ya okestra tu. Halafu kuna parafrezi: mtunzi huchukua wimbo mmoja au zaidi kutoka opera akaujenga upya apendavyo, kama mpiga piano na mtunzi Franz Liszt alivyofanya na Rigoletto ya Verdi. Katika transkripsheni hasa, muundo wa mtunzi wa kwanza haupanguliwi. Kinachobadilika ni ala.

Katikati ya karne ya 19 santuri ya kwanza ilikuwa bado miaka mingi mbele. Aliyekaa mbali na jumba la opera aliijua opera kupitia piano ya sebuleni, au hakuijua kabisa. Kwa Richard Wagner, mtunzi wa opera wa Ujerumani, jambo hilo lilikuwa zito kuliko kwa wengi. Februari 1849 Liszt, aliyeongoza muziki wa ikulu ya Weimar, alionyesha opera ya Wagner, Tannhäuser, huko. Mei mwaka huohuo Wagner alishiriki maasi ya Dresden, akawa anatafutwa na serikali. Liszt alimpokea, akamsaidia kutorokea Uswisi. Tarehe 28 Agosti 1850 Liszt aliongoza onyesho la kwanza kabisa la Lohengrin, mwenyewe Wagner akiwa uhamishoni. Hakuisikia opera yake hiyo jukwaani hadi 1861, mjini Vienna. Wagner alimtunukia Liszt kitabu cha nota zake.

Ndiyo maana Liszt, aliyezoea kuichezea opera ya mtu kwa uhuru mkubwa, kwa Wagner mara nyingi alijizuia na kuifuata nota kwa nota. Fantasia yake juu ya Rienzi, opera nyingine ya Wagner, haikufuata desturi hiyo.

Tazama utangulizi wa Tannhäuser. Mwishoni tromboni zinaimba wimbo wa mahujaji huku fidla zikiporomoka juu yake bila kupumzika. Kwenye piano, jasho lote liko kwenye mporomoko wa fidla, na hapo ndipo wengi wanapokosea: wanapiga kwa nguvu kile kilicho kigumu, wimbo wenyewe unazama. Jifunze kwanza sehemu ya tromboni peke yake, kwa sauti kamili, kisha ongeza fidla zikiwa nyepesi. Tena sehemu hiyo inakuja baada ya zaidi ya dakika 10 za kazi nzito, kwa hiyo mkono uliokazwa tangu mwanzo haufiki.

Kifo cha Isolde, tukio la mwisho la opera ya Wagner Tristan na Isolde, alichokiandika Liszt kwa piano mwaka 1867, kina tatizo jingine. Mwimbaji au fidla anaweza kuishika nota moja na kuikuza. Nota ya piano huanza kufifia mara tu nyundo inapogonga waya. Liszt anaziba pengo hilo kwa tremolo, yaani nota zinazopigwa kwa kupokezana upesi sana, na kodi (nota kadhaa zinazopigwa pamoja) zinazorudiwa. Tremolo ikipigwa kwa vidole vilivyoinuliwa juu inasikika kama kelele ya mbao. Vidole vibaki vimegusa vitufe, kigasha kizunguke kidogo, na mapigo yasihesabiwe. Pedali ibadilishwe kila besi (nota ya chini kabisa) inapobadilika, si kila mwanzo wa bari (kipimo cha mapigo), la sivyo kodi za Wagner, ambazo zinateleza muda wote, zinageuka tope. Na usianze kwa nguvu: kilele kiko karibu na mwisho, na ni kimoja tu.

Liszt alitanguliza bari nne kutoka wimbo wa wapendanao wa tendo la pili. Hata jina Liebestod, yaani kifo cha mapenzi, lilikaa juu ya tukio hili kupitia jina ambalo Liszt aliipa transkripsheni yake. Wagner aliliita Verklärung, neno ambalo Wajerumani hulitumia kwa Yesu alipogeuka sura mlimani.

Urafiki ulivunjika pale Cosima, binti wa Liszt, alipomwacha mumewe Hans von Bülow, mwanafunzi wa baba yake, akaolewa na Wagner mwaka 1870. Walipatana 1872. Mwaka 1882 Liszt aliandika kwa piano maandamano ya Parsifal, opera ya Wagner, na Wagner akafa Februari 1883. Mei 22 mwaka huo, siku ambayo Wagner angetimiza miaka 70, Liszt aliandika kipande kifupi, Am Grabe Richard Wagners, kaburini pa Richard Wagner. Hicho si transkripsheni: kimejengwa juu ya wimbo wa Liszt mwenyewe unaofanana na ule unaoifungua Parsifal, na kengele za opera hiyo zinasikika ndani yake.